Wimbo Uliodharauliwa: Habari za Muziki wa Warusi

Katika makanisa ya Kiorthodoksi ya Urusi hamna kinanda. Hamna tarumbeta, wala fidla, wala chombo chochote cha kupigwa wakati wa ibada. Kengele hulia nje mnarani, lakini ndani ni sauti ya binadamu peke yake, tangu mwanzo wa ibada hata mwisho wake. Mgeni aingiaye mara ya kwanza hustaajabu, kwa maana sauti nene za wanaume hushuka chini sana, hata akadhani kuna chombo kilichofichwa nyuma ya ukuta. Hakuna. Ni vifua vya watu tu.

Nawaandikia habari hizi, wasomaji wapenzi, kwa sababu muziki wa taifa hili ulipata sifa ulimwenguni pote katika karne ya 19 na ya 20, na wengi hudhani kwamba sifa hiyo ilitoka katika majumba ya wafalme. Mimi naona sivyo. Mtu akizifuata habari zake tangu kale, ataona jambo moja likirudi mara kwa mara. Wenye nguvu waliukataa wimbo wa watu wao wenyewe: mara waliuona kuwa dhambi, mara kuwa ushamba, mara kuwa hatari. Na kila mara wimbo ule uliokataliwa ndio uliokuja kuwapa heshima.

Wimbo wa kanisa na wimbo wa kijiji

Mwaka wa 988 Vladimir, mtawala wa Kiev, mji ambao leo ni mji mkuu wa Ukraine, alipokea Ukristo na kuwaamuru watu wake wabatizwe. Masimulizi ya kale ya nchi ile yasema kwamba kabla ya hapo alituma wajumbe kutazama dini za mataifa, na wale waliofika Konstantinopoli walirudi wakiusifu uzuri wa ibada kuliko yote waliyoyaona. Basi Ukristo ukaja kutoka kwa Wagiriki, na uimbaji wao ukaja pamoja nao.

Uimbaji huo ulikuwa wa sauti moja. Wanaume wote waliifuata tuni ile ile, polepole, bila kugawanya sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kama tufanyavyo sisi. Tuni zenyewe zilipangwa katika mafungu 8, yakifuatana juma kwa juma. Hawakuandika kwa mistari mitano wala kwa do, re, mi. Juu ya maneno waliweka alama ndogo za wino, nyingine zimepindika kama kulabu, na alama moja yaweza kumwonyesha mwimbaji mwendo mzima wa sauti, kupanda na kushuka kwake. Alama huitwa kwa Kirusi cha kale “znamya”, ndipo uimbaji ule ukaitwa “znamenny”. Mwanafunzi alikaa na mwalimu wake siku nyingi, kwa kuwa alama zile zilimkumbusha ajuaye, hazikumfundisha asiyejua.

Vijijini kulikuwa na uimbaji mwingine. Watu waliimba wakivuna, wakibembeleza watoto, wakiomboleza wafu. Hata bibi arusi aliimbiwa nyimbo za kilio, kwa maana anaagana na nyumba ya baba yake. Mtu mmoja huanzisha peke yake. Wenzake humpokea, lakini hawamfuati wote kwa njia moja: huyu hupanda kidogo, yule hushuka, mwingine huzunguka na kurudi, na mwisho wa ubeti wote hukutana katika sauti moja. Hakuna aliyewaandikia sauti hizo. Kila mmoja huitafuta yake palepale, akiwasikiliza wenzake.

Tena walikuwako waimbaji wa kutembea, walioitwa skomorokhi. Hawa walikwenda mji kwa mji na zeze na ngoma na gusli, yaani kinanda cha nyuzi kinachopakatwa magotini; wengine walifuatana na dubu waliofundishwa kucheza. Watu waliwapenda, lakini wakuu wa kanisa waliwachukia, kwa sababu ya mizaha yao na mabaki ya upagani katika michezo yao. Hata mwaka wa 1648 Kaisari Aleksei akatoa amri waimbaji hao wakomeshwe, na vyombo vyao vivunjwe na kuchomwa moto. Mjerumani mmoja, Adam Olearius, aliyesafiri Urusi katika karne ile, aliandika kwamba magari 5 yaliyojaa vyombo yalivushwa mto Moskva yakateketezwa. Gusli na mazeze yakawa majivu; lakini nyimbo zilizokuwa vinywani mwa watu hazikuteketea.

Ustadi wa kigeni waingia

Miaka michache baadaye wimbo wa kale wa kanisa nao ukapata msukosuko. Nikon, aliyekuwa Patriaki tangu 1652, alisahihisha vitabu vya ibada na kupenda uimbaji mpya wa sauti nyingi, ulioletwa na waimbaji kutoka Ukraine na Polandi. Mistari mitano ikaanza kuziondoa zile kulabu. Katika miaka ya 1670 Nikolai Diletsky, mzaliwa wa Ukraine, akatunga kitabu cha kufundisha kanuni za uimbaji huo. Wakristo wengi walikataa mageuzi ya Nikon, wakaitwa Waumini wa Kale. Waliteswa, na wengi wakakimbilia misitu ya mbali. Lakini walichukua vitabu vyao, wakaendelea kuimba kwa alama za kulabu kizazi baada ya kizazi. Wataalamu wa karne ya 19 walipotaka kuujua wimbo wa mababu zao, iliwapasa kujifunza kwa watu hao waliofukuzwa.

Kaisari Petro Mkuu alijenga mji mpya wa St. Petersburg mwaka wa 1703, akaamuru watu wake wafuate desturi za Ulaya ya magharibi. Mwaka wa 1731 wachezaji na waimbaji wa Italia walifika nchini, na mwaka wa 1736 Francesco Araja alionyesha opera yake mbele ya Malkia Anna. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa badala ya kusemwa. Tangu hapo mabwana wakubwa walipenda tuni za Italia tu. Wimbo wa Kirusi waliuacha kwa wapishi na waendesha magari ya farasi.

Tusidhani kwamba ustadi huo wa kigeni haukuwa na faida. Mtoto mmoja wa Ukraine, Dmitry Bortniansky, aliyezaliwa mwaka wa 1751, alichukuliwa kuimba katika kwaya ya Kaisari kwa ajili ya sauti yake nzuri. Alipelekwa Italia kusoma, akakaa huko miaka 10, na mwaka wa 1796 akawa mkuu wa kwaya ile ile aliyoiingia akiwa mtoto. Nyimbo zake za kanisa zilifuata ustadi wa Italia, lakini bila chombo, kama ilivyo desturi ya Waorthodoksi. Tuni yake moja ilifika Ujerumani, ikatiwa maneno ya Gerhard Tersteegen yanayoiabudu nguvu ya upendo wa Mungu, na Wajerumani wameiimba hata leo, wengi wao wasijue kwamba mtungaji wake alitoka katika kwaya ya Kaisari wa Urusi.

Lakini gharama ya anasa ile ililipwa na wanyonge. Wakulima wa Urusi walikuwa watumwa wa mabwana wenye ardhi hata mwaka wa 1861, na mabwana wengi waliwafanya watumwa wao kuwa wapiga muziki. Palikuwa na bendi za mabaragumu zilizoanzishwa katika karne ya 18, ambazo kila baragumu lilitoa sauti moja tu. Mtu alipewa sauti yake. Akangoja ifike, akapuliza, akangoja tena. Makumi ya watu walipangwa hivyo ili kutengeneza wimbo mmoja, kama vile kila mmoja ni bomba la kinanda. Praskovia Kovalyova, binti wa mtumwa mfua chuma, alifundishwa opera katika nyumba ya Bwana Sheremetev, akapewa jina la Zhemchugova, maana yake “wa lulu”. Akawa mwimbaji mashuhuri. Bwana wake kijana, Nikolai, alimpenda, akampa uhuru, akamwoa kwa siri mwaka wa 1801. Lakini mwaka wa 1803 alifariki, muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Wageni waliomshangilia jukwaani walishangilia sauti iliyokuwa mali ya mtu.

Glinka asikiliza

Mikhail Glinka alizaliwa mwaka wa 1804 katika nyumba ya bwana mwenye ardhi upande wa Smolensk. Utotoni alisikia kengele za kanisa, na nyimbo za watumishi, na bendi ya watumwa wa mjomba wake ikipiga nyimbo za Kirusi wakati wa chakula cha jioni. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Italia, akajifunza tuni za Italia hata akaweza kuzitunga vizuri; ndipo akatambua kwamba hazikutoka moyoni mwake. Akapita Berlin, akasoma kanuni za muziki kwa mwalimu Siegfried Dehn, kisha akarudi kwao.

Mwaka wa 1836 opera yake juu ya Ivan Susanin ilichezwa St. Petersburg. Susanin alikuwa mkulima aliyesimuliwa kwamba mwaka wa 1613 aliwapoteza maadui msituni ili kumwokoa Kaisari, akauawa. Zamani mkulima alipoonyeshwa jukwaani alikuwa wa kuchekwa. Glinka alimfanya shujaa, akamtilia kinywani tuni zenye sura ya wimbo wa kijijini. Wakubwa fulani walinung’unika kwamba huo ni muziki wa waendesha magari ya farasi. Glinka hakuona haya. Mwaka wa 1848 alitunga kipande kifupi, “Kamarinskaya”, kwa nyimbo mbili za watu: moja ya arusi, nyingine ya kucheza. Wimbo wa kucheza hurudi mara nyingi, na kila urudipo umevikwa sauti nyingine, kama wafanyavyo wanakijiji wenyewe. Tchaikovsky, mtungaji aliyekuja baada yake, alisema kwamba muziki wote wa bendi kubwa za Kirusi umo ndani ya kipande hicho, kama mti mkubwa ulivyomo ndani ya mbegu yake.

Watano na chuo

Baada ya Glinka walitokea watu watano katika St. Petersburg, na karibu wote walikuwa na kazi nyingine. Mily Balakirev ndiye aliyekuwa kiongozi. César Cui alikuwa mhandisi wa ngome za jeshi. Modest Mussorgsky alikuwa afisa, kisha karani. Aleksandr Borodin alikuwa daktari na mwalimu wa kemia. Nikolai Rimsky-Korsakov alikuwa afisa wa meli za vita. Balakirev alisafiri katika mto Volga mwaka wa 1860 akiandika nyimbo vinywani mwa watu, na mwaka wa 1866 akachapa 40 kati ya hizo.

Wakati huohuo Anton Rubinstein alifungua chuo cha muziki St. Petersburg mwaka wa 1862, na ndugu yake Nikolai akafungua kingine Moscow mwaka wa 1866. Wale watano walikibeza chuo, wakidhani kwamba kanuni za Wajerumani zitaua roho ya Kirusi. Watu wa chuo nao waliwaona hao kuwa watu wasiosoma. Nani alikuwa na haki? Habari ya Rimsky-Korsakov yatupa jibu. Mwaka wa 1871, akiwa na umri wa miaka 27, aliitwa kufundisha katika chuo kile. Alikubali, kisha akatambua kwamba hajui hata majina ya mambo atakayofundisha. Hakukimbia, wala hakujisingizia ujuzi. Alikaa usiku na vitabu akifanya mazoezi ya wanafunzi, akajifunza mbele yao hatua chache, hata akawa mwalimu mkuu kuliko wote wa nchi yake. Wala hakuuacha wimbo wa kijiji: mwaka wa 1877 alichapa nyimbo 100 za watu. Kumbe, kusoma hakukuiua roho yake. Kulimpa mikono ya kufanyia kazi.

Mussorgsky alishika njia nyingine. Alisikiliza jinsi watu wanavyosema, mkulima, mtoto, yaya, mlevi, akaifanya tuni ifuate maneno, si maneno yafuate tuni. Kila mwalimu aliyepata kufundisha wimbo uliofasiriwa ajua taabu ya tuni inayokaza sauti pasipo mahali pake. Atafahamu kwa nini kazi hii ilikuwa kubwa. Katika opera yake “Boris Godunov” mwimbaji mkuu, waweza kusema, ni umati wa watu wenyewe, wenye njaa, wanaodanganywa, wanaoomba mkate. Wakubwa wa majumba ya michezo waliikataa kwanza. Ilichezwa mwaka wa 1874.

Pyotr Tchaikovsky, aliyezaliwa mwaka wa 1840, alisoma katika chuo cha Rubinstein, na hakuna Mrusi aliyependwa na mataifa kuliko yeye. Kipande chake kimoja cha vyombo vinne, cha mwaka wa 1871, kimejengwa juu ya wimbo aliousikia kwa mfanyakazi huko Kamenka, Ukraine. Kilipopigwa Moscow mwaka wa 1876, Tolstoy, mwandishi mkuu, aliyeketi karibu naye, alilia machozi.

Wimbo wa kale warudi kanisani

Ilibaki bado kanisa. Tangu siku za Bortniansky hakuna wimbo wa ibada ulioruhusiwa kuchapwa pasipo idhini ya mkuu wa kwaya ya Kaisari. Tchaikovsky alipotunga Liturjia mwaka wa 1878, mchapaji wake aliichapa bila idhini hiyo. Shauri likafika mahakamani, na kwaya ya Kaisari ikashindwa. Mlango ukafunguliwa. Katika Shule ya Sinodi ya Moscow mwalimu Stepan Smolensky alifundisha vijana kusoma zile kulabu za kale, akakusanya vitabu vilivyokuwa vimesahauliwa.

Tena mwanamke mmoja, Yevgeniya Linyova, alikwenda vijijini na mashine ya kunasa sauti, fonografu. Wengi wa waandishi waliomtangulia waliandika tuni moja tu kwa kila wimbo. Mashine ilionyesha zile sauti zote zinazotengana na kukutana. Alipozichapa mwaka wa 1904, wasomi waliona kwamba wanakijiji wasiojua kusoma walikuwa na ustadi wao wenyewe wa sauti nyingi, ambao haukutoka Italia wala Ujerumani.

Njia hizo zilikutana katika mwaka wa 1915, vita vikiwaka. Sergei Rachmaninoff alitunga Mkesha wa Usiku Kucha kwa ajili ya kwaya pasipo vyombo, akautoa kwa kumbukumbu ya Smolensky, aliyekwisha kufa. Tuni nyingi alizitwaa katika uimbaji wa kale. Wimbo wa tano ni ule wa mzee Simeoni katika Luka 2, na mwisho wake sauti ya nne hushuka ngazi kwa ngazi mpaka chini kabisa. Nikolai Danilin, kiongozi wa kwaya, aliuliza waimbaji wa namna hiyo watapatikana wapi. Walipatikana. Rachmaninoff alizijua sauti za watu wa nchi yake.

Wimbo chini ya amri

Miaka miwili baadaye ufalme ulianguka, na mwaka wa 1917 haujaisha Wabolsheviki walishika serikali. Rachmaninoff aliondoka nchini, asirudi tena. Shule ya Sinodi ilifungwa mwaka wa 1918. Makanisa mengi yalifungwa baada yake, na lile kubwa la Kristo Mwokozi, Moscow, lilibomolewa kwa baruti mwaka wa 1931. Mkesha ule ukanyamaza.

Watungaji wengine nao hawakusalimika. Januari 1936 Stalin alitazama opera ya kijana Dmitri Shostakovich, akaondoka kabla ya mwisho. Siku mbili baadaye gazeti la chama lilimlaumu kwa maneno makali, na katika miaka ile watu wengi walikamatwa na kuuawa kwa makosa madogo kuliko hayo. Shostakovich aliendelea kuandika. Majeshi ya Ujerumani yalipouzingira mji wa Leningrad, watu wakafa kwa njaa kwa mamia ya maelfu, alitunga simfonia yake ya 7. Tarehe 9 Agosti 1942 ilipigwa ndani ya mji ule uliozingirwa. Wapigaji wengi walikuwa wamekufa au wamedhoofika. Karl Eliasberg, kiongozi wao, aliomba askari wenye ujuzi wa muziki waletwe kutoka mstari wa vita. Vipaza sauti vilipeleka muziki barabarani, hata maadui wakausikia.

Lakini mwaka wa 1948 chama kilitoa azimio la kumlaumu tena, pamoja na Sergei Prokofiev na wengine. Shabaha ya azimio ilikuwa kwamba watungaji warudie nyimbo za watu! Hapa tuangalie sana. Wimbo wa kijiji, uliodharauliwa na mabwana, sasa ulifanywa fimbo ya kuwapigia wasanii. Kwaya za serikali ziliimba nyimbo za wakulima kwa mavazi mazuri na sauti zilizonyoshwa sawasawa, na ile hiari ya kila mtu kuitafuta njia yake katika wimbo ikapotea. Glinka alisikiliza kwa kupenda, akapata matunda. Amri ilidai yale yale, ikapata machache. Mwaka wa 1958 chama chenyewe kilikiri kwamba lawama zile hazikuwa za haki.

Yaliyokatazwa yalirudi polepole. Mwaka wa 1965 Aleksandr Sveshnikov aliuimbisha Mkesha wa Rachmaninoff ukanaswa katika santuri, ingawa nchi ile ilikuwa bado ya wakana Mungu. Mwaka wa 1973 Dmitry Pokrovsky alikusanya vijana, akaenda nao vijijini kuketi na wazee na kujifunza kuimba kama wao, kwa sauti zinazotengana na kukutana. Mwaka wa 1988 miaka 1000 ya ubatizo ilisherehekewa hadharani.

Ndugu wasomaji, vyombo vya skomorokhi vilichomwa, Waumini wa Kale walikimbizwa, sauti ya binti wa mfua chuma ilimilikiwa, shule ya waimbaji ilifungwa. Kilichookoa wimbo kila mara kilikuwa kidogo: mtu anayeukumbuka, na mtu mwingine anayekubali kuketi na kumsikiliza. Yevgeniya Linyova hakungoja. Aliwaendea wazee wangali hai. Nasi tunaofundisha kwaya, tukimwona bibi kizee anayejua wimbo wa kuvuna ambao wajukuu wake hawaujui, twende na daftari na kalamu wiki hii, tusimngoje aje shuleni.